Nadhiri ya Miguu ya Kitione

Castelroux, Ufaransa
4 Oktoba 1998

Kwako Mjomba Savenaca,

Nakuamkia wewe na mkaza mjomba Vaciseva na Bibi Litiana, na wote wa Vunidilo, hata yule jogoo wenu asiyejua saa. Mimi ni mzima kiasi cha kushika kalamu, na kiasi hicho kinatosha kumshukuru Mungu. Baridi imeanza kuuma. Wenyeji wananiambia hii bado si baridi yenyewe, nami nimekwisha kuvaa soksi tatu tatu.

Niambie habari za Bibi. Anakula? Bado anaficha vidonge chini ya mkeka na kumwambia nesi amevimeza? Mwambie mjukuu wake anamuuliza, na kwamba huku hakuna magimbi, kuna viazi tu, na viazi vyao havina ladha hata ukivitia tui.

Jumapili tunasali kwenye gereji ya Lopeti. Huyu ni Mtonga, mtu mkubwa anayeingia mlangoni kwa ubavu, tunacheza timu moja na kukaa nyumba moja. Watu wa visiwani tuko sita hapa klabuni. Tunaimba kwa sauti nne mpaka majirani wanafungua madirisha. Juzi mzee mmoja alikuja kugonga, tukadhani ameleta malalamiko, kumbe alitaka kiti akae asikilize. Kabla ya mechi tunapiga magoti katikati ya uwanja. Mashabiki mwanzoni walitucheka, sasa wapo wanaovua kofia.

Nakutumia kanda ya mechi ya raga ya Septemba. Nilifunga trai mbili. Kwenye ile ya pili utaniona nimechelewa kuinuka. Usiwaache akina mama wapige kelele, si kitu. Goti la mtu lilinigonga kichwani, kikazizima kidogo, na kesho yake nilikuwa mazoezini. Bandeji ya mkono nimeiandika jina la Mungu, kama ulivyoniagiza.

Mpwa wako,
Kitione


Vunidilo, Kadavu, Fiji
8 Novemba 1998

Mpwa wangu Kitione,

Salamu zako zilifika zimelowa, maana mfuko wa posta uliangukia majini meli ilipokuwa inashusha mizigo. Tumezianika juani pamoja na samaki, na tumezipokea zote. Vaciseva anasema soksi tatu ni uvivu wa kufanya mazoezi. Mihogo imekubali mwaka huu. Jogoo tumemla.

Kanda tuliitazama kwenye ukumbi wa kanisa. Jenereta ilizimika mara mbili na hakuna aliyekubali kwenda kwake. Trai ya kwanza waliimba. Ya pili waliimba na kuligonga gogo la kanisa, nikawakaripia kama mwinjilisti wao, maana gogo lile ni la kuitia ibada si la raga, lakini nakiri sikuwakaripia sana. Kisha ukainuka ukaenda kusimama kwenye mstari wa wapinzani, na jibaba lao moja likakusukuma kwa bega likikuonyesha upande wenu. Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Mzee Rupeni, msemaji wetu wa ukoo, alisema ulikwenda kuwahubiria.

Mnyororo wa maombi haujakatika. Jumatatu hadi Jumamosi kila nyumba ina saa yake, na jina lako halikosi mtu wa kulitaja. Ijumaa tunafunga. Hata kinywaji cha yaqona hakikorogwi siku hiyo, na unajua wanaume wa hapa wanavyoteseka bila bakuli lao. Mchungaji mkuu wa jimbo alikuja akahubiri juu yako nusu saa nzima. Alisema nadhiri ya Vunidilo imekuwa taa kwa Kadavu yote. Nilikaa kiti cha mbele nikatazama chini, watu wasinione nafurahi.

Sasa tafuta mahali ukae. Bibi Litiana ametutoka tarehe 21 Oktoba, mchana, baada ya kula. Hakuugua sana. Tumemlaza kando ya mama yako. Sikupiga simu kwa sababu ulikuwa na mechi tarehe 24, na yeye mwenyewe angenikataza. Usihuzunike kama wasio na tumaini. Cheza.

Mjomba wako,
Savenaca


Castelroux
13 Desemba 1998

Mjomba wangu,

Salamu kwako na kwa wote waliobaki. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, nikakaa hapohapo. Kwa hiyo tarehe 24 nilikuwa nacheka uwanjani na Bibi ana siku tatu tangu atutoke. Wewe ndiye uliyenilea, sitakulaumu. Lakini iliniuma, na naandika kwamba iliniuma ili usidhani nimenyamaza kwa kuridhika. Lopeti alikoroga yaqona, tukamkalia Bibi matanga watu sita ndani ya gereji. Mshukuru Vaciseva, najua ndiye aliyemwosha.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye ile kanda sikufanya mzaha. Nilipoinuka sikujua timu yangu ni ipi.

Tangu Septemba nimegongwa mara tatu. Baada ya ile ya tatu nilisimama gerejini kuongoza Sala ya Bwana, sala niliyoijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nikafika katikati, pakawa hapana kitu. Nilisimama tu. Lopeti akaimalizia, na wenzangu walikuwa wamefumba macho, wakadhani nimezidiwa na Roho. Nilikwenda kwa daktari mji wa jirani, klabu wasijue. Alinionyesha picha ya kichwa changu. Akasema nikiendelea kugongwa naweza kubaki kama mtoto mchanga, au nisibaki kabisa, na kwamba niache leo. Nikamjibu kwamba miguu si yangu. Mkalimani alicheka. Daktari hakucheka.

Siwezi kuacha mwenyewe, na wewe unajua kwa nini. Nilikuwa na miaka sita, mama ameshazikwa, na homa ileile ikanishika mimi. Ukasimama kanisani ukamwambia Mungu akiniacha hai miguu yangu itakuwa yake, nitaikimbiza kwa jina lake mpaka mwenyewe aseme basi. Halafu nikiwa na miaka kumi na tisa niliacha raga msimu mmoja nikafanye kazi Suva, na mwaka huohuo kimbunga kikang'oa paa la kanisa. Ulisema mimbarani kwamba Mungu amekuja kudai chake. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, watu wote wakageuka kunitazama. Tangu siku ile sijakosa mechi hata moja.

Nakuomba uifungue nadhiri. Simama pale uliposimama, umwambie nimetumika vya kutosha. Ukiniambia imefunguliwa, nitavua viatu siku hiyohiyo.

Kitione


Vunidilo
24 Januari 1999

Mpwa wangu,

Sikukuu zilipita salama. Mvua imekuwa nyingi na njia ya shambani ni tope tupu, Vaciseva ameteleza akavunja kikapu na kunilaumu mimi niliyekuwa nyumbani. Tunawaombea baridi yenu iishe.

Barua yako nimeisoma. Sikumsomea mtu.

Kitione, nadhiri ile haikuwa maneno ya kuongea njiani. Niliitoa kwa jino la nyangumi, wazee wakalipokea kwa mikono miwili, na kanisa zima likapiga makofi ya heshima. Leo niwaendee wazee walewale nimeshika nini, karatasi yenye stempu ya Kifaransa? Hapa kwetu hata mtu aliyeiba nguruwe haombi radhi kwa barua. Mwenye ombi kama lako huja mwenyewe, anaketi chini karibu na mlango na jino mikononi, na anasema shida yake mpaka mwisho. Mambo haya sikuyaanzisha mimi. Msimu wenu unakwisha Juni. Njoo Juni, tutakusikiliza.

Juu ya huyo daktari, simdharau. Lakini hata yule aliyekuja na mashua ulipokuwa na homa alisema hutaiona asubuhi, na asubuhi uliomba uji. Kichwa kinachoombewa na nyumba arobaini si sawa na vichwa anavyovijua yeye.

Nikuulize kama baba: kuna mwanamke anayekwambia uache? Usinifiche.

Jambo jingine. Mchungaji mkuu ametangaza kwamba Kwaresima hii jimbo zima litafunga kwa ajili yako, kwa sababu mechi zenu za mtoano zinaanza mara tu baada ya Pasaka. Vijiji kumi na kimoja, Kitione. Wengine hata hawajawahi kukuona. Unataka nisimame mbele yao niseme nini?

Savenaca


Castelroux
27 Februari 1999

Kwako Mjomba,

Salamu ni zilezile na mapenzi ni yaleyale. Mpe pole Vaciseva kwa kikapu. Barua hii nimeiandika siku tatu, na Lopeti ameipitia nisije nikarudia maneno.

Hakuna mwanamke. Ningempenda awepo, anikumbushe nilipoweka funguo.

Nimegongwa tena tarehe 6 mwezi huu. Sikuanguka, kwa hiyo hakuna aliyeandika popote. Siku hizi nina daftari: jina la kocha, njia ya kurudi nyumbani, siku ya kufua. Kocha akiniuliza kama niko sawa namwambia Mungu ni mwema, naye anaelewa kwamba nimesema ndiyo. Sitafika Juni, Mjomba. Naogopa. Sikuwahi kukuandikia neno hilo.

Nimelifikiria suala la jino. Mimi kwenu ni vasu, mtoto wa dada yenu. Tangu utotoni nimeingia nyumbani kwako nikachukua nilichotaka, nguruwe, mkeka, hata shati lako la Jumapili huku wewe unalitafuta, na mila haikukuruhusu kusema hapana. Ulikuwa unacheka huku umenuna. Basi leo natumia haki yangu. Nalichukua lile jino jingine la nyangumi lililomo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chako. Ni langu tangu uliposoma mstari huu. Mkabidhi Mzee Rupeni, aketi karibu na mlango kwa niaba yangu, awaambie yale niliyokuandikia Desemba. Sasa hakuna kilichopungua.

Mtoano unaanza Jumamosi, tarehe 10 Aprili. Neno lako linifikie kabla ya siku hiyo. Barua ikiwa na mwendo mrefu, nenda posta upige simu. Namba ya klabu nimeiandika nyuma ya bahasha, kubwa, uione bila miwani.

Mpwa wako na mporaji wako,
Kitione


Vunidilo
13 Aprili 1999

Kitione mwanangu,

Salamu za nyumba nzima. Nisamehe, leo sitaweza kuzirefusha.

Barua yako ilishuka na meli ya tarehe 15 Machi. Niliisoma nikacheka kwa sauti mpaka Vaciseva akaja mbio kutoka jikoni. Umenishinda. Miaka yote ya kuwa mjomba sijawahi kuporwa vizuri namna ile. Kisha nikairudisha ndani ya bahasha.

Tulikuwa siku ya ishirini na saba ya mfungo. Vijiji kumi na kimoja vilikuwa na njaa kwa ajili yako, na kila Jumapili watu walinishika mkono wakisema baba wa Kitione, baba wa Kitione. Nikajiambia, Pasaka ipite kwanza. Namba ya simu niliiona. Nataka ujue kwamba niliiona.

Juzi Jumapili, tarehe 11, baada ya ibada, Rupeni aliketi karibu na mlango akiwa na jino. Alianza vizuri, unamjua kwa ulimi. Alipofika kwenye Sala ya Bwana iliyokukatikia, akashindwa kuendelea, na mzee yule sijawahi kumwona akishindwa. Nililipokea. Nikamwambia Mungu mbele ya wote kwamba umetumika vya kutosha. Makofi yakapigwa. Umefunguliwa.

Hakuna aliyenikasirikia, na hilo ndilo lililonitia aibu. Mama mmoja aliuliza tu kwa nini sikusema tangu Desemba. Alisema walikuwa wanafunga wakidhani ndivyo unavyotaka wewe.

Baadaye nimeitazama ile kanda tena, peke yangu. Ulipokwenda kwa wapinzani ulimtazama yule jamaa usoni kama mtu anayeuliza njia. Nilicheka siku ile, na nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Na lile paa, mwanangu, liliondoka kwa sababu mimi na Rupeni tulilipigilia misumari yenye kutu. Nilijua hivyo nilipokuwa mimbarani. Ilikuwa rahisi kukutaja wewe kuliko kuitaja misumari.

Leo nimepanda mashua mpaka posta nikaipiga ile namba. Aliyepokea alisema Kifaransa. Nikataja jina lako mara tatu. Akaniambia kitu kirefu kwa upole sana, na sikuelewa hata neno. Upole wake umenitia hofu.

Vua viatu. Usingoje mtu mwingine akuambie. Niandikie upesi, hata mstari mmoja.

Mjomba wako,
Savenaca


Castelroux
16 Mei 1999

Kwako Mjomba Savenaca,

Nakuamkia wewe na mkaza mjomba Vaciseva na Bibi Litiana. Bibi anakula? Mwambie huku hakuna magimbi.

Nakaa na Lopeti. Lopeti ni Mtonga, mtu mkubwa. Ananishikia karatasi isiteleze.

Barua yako amenisomea. Nikamwomba anisomee tena. Unasema niliomba kufunguliwa. Mjomba, mimi sikuomba. Nani amekuja kwenu na jina langu? Lopeti anasema ni mimi, anasema niliandika siku tatu. Nilipomwambia asinidanganye alitoka uani. Nilimwona dirishani analia, mtu mkubwa vile, na sijui nimemkosea nini.

Wanasema nilianguka kwenye mechi ya tarehe kumi. Mechi siikumbuki. Lakini tarehe naweza kuzisoma, na nimeziandika kwenye daftari nisizipoteze. Mlinifungua tarehe kumi na moja. Na tarehe kumi na moja ndiyo niliamka hospitalini nikaiambia miguu isimame, haikunisikia. Mpaka leo nikitaka kwenda dirishani lazima Lopeti anibebe. Daktari anasema ni kichwa. Mimi nimeelewa. Mungu alikuwa ameishika, nanyi mkamwambia aiachie.

Sikukasirikii. Huenda nilikosa tena kama mwaka ule wa paa. Niambie kosa langu nitatubu. Nitacheza hata nikiumwa, sitalalamika, sitaandika barua za kulalamika.

Mtu huyo akirudi na jino msimpokee. Waite watu wote, usimame kanisani kama ulivyosimama nikiwa na homa, umwambie Mungu nilikuwa sijui.

Nifunge tena, Mjomba.

Mpwa wako,
Kitione